Kibofu cha Koti la Mvua

Hivi wewe, ukiambiwa umshone binadamu kwa vitambaa, umtie na vyote vilivyomo ndani yake, ungeanzia wapi? Wengi wangekimbilia moyo. Mama Vifungo alianzia kwenye utumbo, kwa sababu alikuwa na bitana ya rangi ya waridi iliyobaki kwenye magauni ya wasimamizi wa bibi harusi, kipande chembamba na kirefu kama foleni ya zahanati, ambacho hakikufaa kwa kitu kingine chochote.

Kazi yenyewe ililetwa na nesi. Huyu nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kuamsha waliolala, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha kina mama pale zahanati jinsi ya kujitunza wao na watoto wao. Siku hiyo aliingia kwenye chumba cha kushonea, akaketi kwenye stuli ya wateja, akavua viatu.

“Fundi, safari hii sitaki sare. Nataka unishonee mtu.”

“Nguo ya mtu?”

“Mtu mwenyewe. Tena wa ndani.”

Mama Vifungo akatoa pini zilizokuwa mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. “Nesi, umekunywa chai leo?”

Nesi akacheka mpaka stuli ikalia. Akakunjua picha kubwa juu ya meza ya kukatia, akaibana kona kwa mkasi na kwa mikebe ya vifungo. Mikebe hiyo ilijaa dirisha zima: vifungo vya mfupa, vya shaba, vya makoti, vya nguo za watoto wachanga, na ndiyo iliyompa fundi jina hata watu wakasahau lile alilopewa na wazazi wake.

“Nimechoka na picha ya ukutani,” nesi alisema. “Walio mbele wanaona, wa katikati wanabahatisha, wa nyuma wanasinzia. Nataka aproni. Mtu anaivaa, mimi nafungua kifungo natoa ini, nafungua kingine natoa figo, nawapa wazishike kwa mikono yao. Kitu ulichokishika huwezi kukisahau.”

Basi kazi ikaanza. Nesi alikuwa akipita jioni akitoka kazini, akimweleza kila kiungo na kazi yake, na Mama Vifungo akisikiliza huku mguu uko kwenye pedali. Mapafu akayakata kwenye taulo jepesi, akayajaza sponji, ukiyabonyeza yanajaa tena kama yanavuta pumzi. Moyo akaushona kwa sweta jekundu lililofumuka viwiko. Alipoambiwa una vyumba vinne, na milango yake inafunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka, akakaa siku nzima akishona vyumba vinne, na kila mlango akautilia ulimi wake wa kitambaa. Ini likawa la mahameli ya rangi ya damu iliyokauka, zito, limelala juu ya tumbo kama paka juu ya mto.

“Huyu ndiye mtunza ghala,” nesi alimwambia. “Utumbo ukishanyonya chakula, damu inakipeleka kwake kwanza. Anachagua, anaweka akiba, sumu anaiua.”

“Na akilala?”

“Akilala huyu, mji mzima umelala.”

Figo akazitoa kwenye suruali nzee ya kahawia. Zinachuja damu, nesi alisema, usiku na mchana, na zile taka zinashuka na maji kwa mirija miwili, tone kwa tone, mpaka kwenye kibofu. Kibofu kinapokea, kinatanuka, kinangoja. Kikijaa, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye ubongo, na mwenyewe anakwenda anakokwenda.

“Anakwenda,” Mama Vifungo akarudia, akainamia mshono. Hapo ndipo mkono wake ulipoanza kuwa mzito.

Sasa nikueleze alichokuwa akikificha, maana pale mtaani hakuna aliyekijua. Chini ya mto wa kiti chake palikuwa na karatasi ya nailoni. Sketi zake zote zilikuwa nyeusi. Ndani ya sketi alivaa vitambaa vilivyokunjwa, alivyovipiga pindo vizuri kabisa, akavifua mwenyewe alfajiri na kuvianika chini ya shuka, asivione mtu. Maji hakunywa mpaka afunge kazi. Akitaka kupiga chafya alishika meza, akabana miguu, akafumba macho. Kitu kizito hakuinua, alisingizia mgongo. Na kucheka ndiyo kabisa, alikuwa ameacha. Mteja akileta kichekesho, Mama Vifungo anauma uzi kwa meno, anatazama sindano. Watu wakasema anajisikia. Wengine wakasema amekauka roho tangu afiwe. Naye marehemu mumewe alikufa akiamini kwamba mkewe alikuwa mtu wa kupenda kufua.

Yalianza alipomzaa kitindamimba wake, binti mwenye mabega mapana aliyekataa kutoka mpaka mama yake akakata tamaa ya kumwona. Mtoto akatoka mzima, analia kama king'ora. Mama naye akaonekana mzima. Akangoja hali ile iishe, kama wanavyosema, mwili ukirudi. Mwili ukarudi wote, ila hapo hapakurudi, na kadiri alivyongoja ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia mtu. Angeanzaje? Mtu mzima, fundi, mama wa watu, aseme anajikojolea kama mtoto?

Na yule kitindamimba sasa alikuwa ameolewa mbali, mwendo wa basi wa kutoka asubuhi mpaka jua kuzama, naye mwenyewe amejifungua. Alimwita mama yake aje tangu mimba. Mama akasema cherehani imeharibika. Alipojifungua, mama akasema kuna sare za shule. Juzi tu binti alipiga simu, sauti imepoa.

“Mama, mtoto ameota jino.”

“Ee, mwanangu, hongera! La juu au la chini?”

“Njoo ulitazame.”

“Nitakuja. Ngoja tu nimalize kazi moja hapa ya zahanati.”

Binti akasema, “Mama, kama humtaki mwanangu, niambie nijue moja.” Akakata.

Mama Vifungo alibaki na simu sikioni. Alijiona ndani ya lile basi, kiti kimelowa, abiria wa pembeni anavuta pua, kondakta anauliza ni nini hiki. Moyo ukamwambia nenda. Miguu ikasema utaketi wapi?

Siku hiyohiyo ndipo aliposhona kibofu. Sikwambii alifanya makusudi, maana hakufanya. Mikono yake ilifanya bila kumuuliza. Ilikwenda kwenye furushi la mabaki, ikapita pamba, ikapita hariri, ikachomoa kipande cha koti la mvua la manjano, kile kitambaa kisichopitisha maji hata umwagie ndoo. Akakishona mshono wa kwanza. Akapitisha wa pili juu yake. Pembeni akaukaza na uzi wa jinzi. Akakijaza sponji, akakifungia kwenye aproni, akaendelea na mambo mengine.

Siku ya somo, chumba cha zahanati kilijaa. Mabenchi yamesukumwa ukutani, watoto wanaonyonya wananyonya, wanaotambaa wanatambaa sakafuni, na mbele kabisa amekaa Muuza Mkaa, jirani mwenye mdomo usiojua likizo. Nesi akainua aproni juu. Chumba kizima kikasema, “Eee!”

“Fundi ndiye atakayeivaa,” nesi akasema.

“Mimi? La, nesi, mimi nina mgongo.”

“Kusimama tu. Au unataka tumvalishe Muuza Mkaa, aongee yeye?”

Wakacheka. Mama Vifungo akavalishwa aproni, ndefu mpaka kwenye muundi, akasimama mbele ya watu na viungo vyake vyote nje. Alikuwa amebana miguu tangu mwanzo.

Nesi akafungua kifungo, akatoa mapafu, akawapa. Akatoa moyo, wakaingiza vidole kwenye milango yake. Akatoa utumbo, akaushika upande mmoja, akautuma, ukapita mkono kwa mkono kutoka benchi la kwanza mpaka mlangoni.

“Huu wote umo humu?” akauliza mama mmoja, ameshika tumbo lake.

“Wote, umekunjwa.”

“Ndiyo maana mume wangu hashibi!” Muuza Mkaa akasema. “Nilidhani ni tabia, kumbe ni urefu!”

Mama Vifungo akauma mashavu kwa ndani. Hamu ya kucheka ikapita.

Nesi akafungua kibofu. Akaeleza kama alivyoeleza siku zote: kinapokea, kinatanuka, kinangoja. “Na chini yake hapa kuna njia ya kutokea, ambayo…” Akakigeuza. Akakigeuza tena. “Fundi, njia yake umeiweka upande gani?”

Mama Vifungo akatazama kile kibofu cha manjano mikononi mwa nesi, na ndipo alipouona mshono wake mwenyewe kama anauona mara ya kwanza.

“Lete nione,” Muuza Mkaa akakipokea. Akakibonyeza, akakivuta, akakipiga chini kikadunda. “Ala! Amekishona kama mpira! Mama Vifungo, huyu mtu wako akibanwa anakwenda wapi?”

“Atalia machozi ya manjano!” sauti ikatoka nyuma.

Chumba kikalipuka. Kina mama wakashikana mabega, mmoja akaanguka kwenye mapaja ya mwenzake. Na Mama Vifungo, ambaye alikuwa ameuma uzi miaka yote hiyo, kicheko kikampanda kutoka alikokizika, kikamtoka kwa sauti, kikamtikisa mabega. Alicheka. Kulikuwa na utamu ndani yake aliousahau. Na kabla hajaufikia mwisho, ujoto ukamshuka miguuni, ukapita vitambaa, ukafika kwenye ndala, ukatandaa sakafuni.

Akanyamaza. Aproni ilimfunika, sketi nyeusi haikusema kitu. Akaomba ardhi ipasuke.

Ardhi haikupasuka. Kilichokuja ni kitoto kimoja cha kutambaa, chenye kofia ya sufu, kikafuata ile ndala kama kimeitwa, kikapiga kiganja kwenye majimaji, pwa, kikafurahi, kikapiga tena.

“Wewe!” mama yake akaruka. “Mbele za watu! Umejikojolea tena? Huna haya?” Akakinyakua, akakipiga kofi dogo la mkono. Kitoto kikaangua kilio.

Mama Vifungo alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi, jepesi tu: si yeye. Ulimi ukaganda. Akamtazama yule mtoto akilia, akamwacha abebe lisilo lake.

“Ajabu,” mama mtu akasema, ameingiza mkono kwenye nepi. “Mbona kavu?”

Muuza Mkaa akatazama sakafu. Akatazama ndala. Kwa mara ya kwanza watu walimwona amefunga mdomo.

“Nakwenda kukirekebisha,” Mama Vifungo akasema, na hakumwambia mtu yeyote hasa. Akachukua kile kibofu, akatoka na aproni yake mwilini, akapita njia ya nyuma penye mapipa, ini linampiga tumboni kila hatua.

Nyumbani alioga, akafua, akaanika. Akaketi na kifumulio, akaanza kufumua ule mshono. Aliushona vizuri mno, ulikataa kufumuka. Simu ikalia, jina la kitindamimba likawaka kwenye kioo. Akaitazama mpaka ikanyamaza. Hakuwa akiwaza Muuza Mkaa, wala maneno ya mtaani. Alikuwa akimwaza yule mtoto mwenye kofia, jinsi alivyokuwa amefurahi kabla ya kofi. Mkubwa mzima, alijiambia, unamsingizia mtoto wa kunyonya.

Jua lilipokuwa linapungua, nesi akaingia. Akaketi kwenye stuli, akavua viatu.

“Nimemfuata mtu wangu.”

“Bado anakauka.”

Nesi akatazama kambani: aproni, na kando yake sketi nyeusi. Akachukua kibofu mezani, akakisugua kwa dole gumba. “Fundi, kitambaa gani hiki?”

“Cha koti la mvua.”

“Mahameli ulikuwa nayo, taulo ulikuwa nalo. Kwa nini ukachagua hiki?”

Mama Vifungo akachomoa uzi mmoja, akauvingirisha kidoleni. “Kisivuje,” akasema.

Nje kulikuwa na mtu anasukuma mkokoteni. Wakangoja mpaka ulipopita.

“Yule mtoto hakujikojolea,” Mama Vifungo akasema.

“Najua.”

“Kapigwa kwa ajili yangu. Mimi nimesimama natazama.”

“Nimemwambia mama yake ni maji yaliyomwagika. Mtoto amekwisha nyamaza, amenyonya, amelala.” Nesi akasogeza stuli karibu. “Sasa wewe. Niambie kwa mdomo wako, maana nikisema mimi utaitikia tu.”

Mama Vifungo akapiga moyo konde. “Mkojo unanitoka, nesi. Nikicheka, nikikohoa, nikiinua kitu. Tangu nilipomzaa huyu wa mwisho.”

Alidhani akishasema, nyumba itaanguka. Cherehani ilikuwa pale pale, na mikebe dirishani ilikuwa pale pale.

“Unakunywa maji?”

“Sinywi mpaka jioni.”

“Hilo uache. Mkojo ukiwa mchache unakuwa mkali, unakichokoza kibofu zaidi.” Nesi akanyoosha mkono kwenye kopo la mabaki, akatoa kipande cha lastiki. Akakipitisha chini ya kibofu cha manjano, akakivuta. “Chini ya kibofu kuna misuli iliyotandaa, inakibeba na kuifunga njia yake. Uzazi mgumu unailegeza. Ukicheka, tumbo linasukuma, misuli inashindwa kuzuia. Basi. Si laana, si uchafu.”

Mama Vifungo akaikazia macho lastiki. Alikuwa amebadilisha lastiki za sketi za mtaa mzima. “Ikilegea inabadilishwa?”

“Hii haibadilishwi. Inafundishwa. Unaibana kama mtu anayezuia mkojo, unaiachia, unaibana, kila siku, hata ukiwa hapo cherehanini, hakuna atakayejua. Lakini kwanza uje daktari akupime, tujue hakuna jingine. Sikuahidi kwamba itakwisha yote. Wengi hupata nafuu kubwa.”

“Wengi?”

“Mama Vifungo, pale chumbani leo, waliokuwa wanabana miguu huku wanacheka si wewe peke yako. Mimi nasimama mbele, nawaona.”

Nesi akacheka puani. “Muuza Mkaa alinifuata mlangoni. Kwa kunong'ona! Ameuliza kama somo hilo la kibofu litarudiwa.”

Mama Vifungo akajifunika uso kwa viganja viwili. Aibu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imekaa palepale kifuani, ila imesogea kidogo, kama mgeni anayempisha mwingine kwenye benchi.

Nesi alipoondoka, akawasha taa, akamaliza kufumua. Alipotoa mshono wa mwisho, akakata upenyo mdogo chini ya kibofu, akautilia kola ya lastiki inayofunga na kufungua. Akaujaribu kwa kidole. Akajaza bilauri maji, akayanywa yote kabla ya kufunga kazi. Kisha akachukua simu.

Iliita kwa muda. Ikapokelewa, na nyuma yake mtoto anabwabwaja na kitu mdomoni.

“Cherehani imeharibika tena?” binti akasema.

“Cherehani nzima, mwanangu. Wala sare hakuna. Nilikuwa nakudanganya.”

“Nilijua.”

“Hukujua. Nyamaza kwanza nimalize, ulimi usije ukaniganda.” Akashika ukingo wa meza ya kukatia kwa mkono ulio huru. “Mkojo unanitoka. Mama yako, mtu mzima, unanitoka bila kuutaka. Nikifikiria kukaa kwenye basi kutwa nzima, mbele za watu, nguvu zinaniishia. Ndilo lililonizuia, hakuna jingine. Kesho nakwenda kwa daktari.”

Kisha sauti ya binti ikaja, imekwaruza. “Mama. Tangu lini?”

“Hilo nitakwambia tukiwa tumekaa. Usilie. Utamkatia mtoto maziwa.”

“Silii,” alisema, analia. “Mbona hukuniambia? Na huku nako, huyu mjukuu wako kanilowanisha tangu asubuhi, nabadilisha nguo mpaka zimekwisha kabatini.”

Kicheko kikampanda tena Mama Vifungo. Akabana kama alivyoelekezwa, hakujua amebana sawasawa au vibaya, na safari hii hakuuma uzi.

“Basi akinilowanisha na mimi tutakuwa wawili,” akasema. “Nataka kuja, mwanangu. Nataka nimbebe.”